Vipupwe viwili

Kwetu Tanga, kipupwe ni neno la raha. Ni majira ya Juni na Julai ambapo joto linapungua, mtu anavuta shuka alfajiri, na akina mama wanaambiana barazani kuwa leo kuna kijibaridi, huku mikono yao iko wazi hadi begani. Nilipoolewa Njombe nilikuja na neno hilo mdomoni. Julai yangu ya kwanza nililimeza.

Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sisi tunakaa nje ya mji, upande wa Uwemba, kwenye vilima vya viazi, chai na misitu ya paini. Asubuhi za kipupwe nyasi za bondeni huamka nyeupe, na ukizikanyaga zinalia kama chumvi ya mawe. Vitabu ninavyofundishia vinaita kitu hicho sakitu. Majirani zangu wanasema barafu imeanguka, basi.

Kwa hiyo mume wangu aliponiambia, mwishoni mwa Mei 2021, kwamba wiki inayofuata tunaanza kufyatua matofali ya nyumba yetu, nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza kwa nini tusingoje Desemba, watoto wakiwa likizo na jua likiwa na nguvu. Baba mkwe alikuwepo. Alicheka mpaka akavua boshori lake ajikune kichwa.

"Desemba, mama, utajenga na bata."

Mvua za huku huanza Novemba, zikishaanza haziondoki hadi Aprili au Mei. Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope, barabara za magari ya mchanga zinageuka mashamba ya mpunga, na kuta zisizo na paa zinabomoka zenyewe usiku. Inabaki miezi mitano ya ukavu, na hiyo mitano ndiyo yenye baridi. Hakuna msimu mwingine wa akiba. Ndiyo maana ukipita Njombe mwezi wa saba utakuta kila fundi juu ya ukuta amevaa sweta mbili na koti, kama anayesubiri basi la usiku.

Habari za hela nitazipita haraka, maana hazina utamu. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwa miaka kumi na mmoja. Mwenye nyumba alikuwa mtu mzuri kila mwezi isipokuwa Januari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu ni seremala, na kiwanja tulipewa na baba mkwe, kipande cha shamba lake la viazi. Fedha tulikuwa nazo za kumlipa fundi mmoja tu. Wasaidizi tulikuwa sisi wenyewe: mume, mimi, binti wa miaka kumi na miwili, mvulana wa tisa, na kitinda mimba wa miaka mitatu ambaye kazi yake ilikuwa kukaa juu ya chochote tulichotaka kukitumia. Kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kilitukopesha hela za saruji; nitakishukuru siku nikimaliza kukilipa.

Kwa matofali, kila mtu hushuka bondeni. Huko kuna maji na kuna udongo mzuri wa mfinyanzi, hivyo hujipi taabu ya kubeba. Tulifyeka uwanja karibu na kijito, tukausawazisha, tukachimba shimo la udongo, tukaloweka jioni. Asubuhi mume na baba yake wanakanyaga tope, mimi na binti tunajaza kibao. Kibao chetu kilikuwa cha matofali mawili, alikichonga mume mwenyewe. Unakichovya majini, unakibamiza tope kwa nguvu mpaka pembe zijae, unakwangua juu, unakimbia nacho uwanjani, unapindua, unavuta. Likitoka lenye kona nne unajisikia kama umezaa. Siku ya kwanza tulitoa sitini, na mgongo wangu ukaniuliza nani aliyenituma. Siku ya sita tulifika mia tatu.

Ubaridi wa tope la saa moja asubuhi ni kitu ambacho siwezi kumweleza mtu wa Tanga akanielewa. Vidole vinaanza kwa kuuma, halafu vinaacha kuuma, na hapo ndipo unapopaswa kuogopa, maana hujui tena kama umeshika kibao au umeshika mkono wako mwingine. Mama mkwe alikuwa anatushushia sufuria ya maji ya moto, siyo ya kunywa. Tunachovya mikono, tunarudi.

Usiku wa Jumapili moja katikati ya Juni anga lilikuwa safi mno. Nilitoka nje, nikaona nyota nyingi, nikasema nimshukuru Mungu kwa hali nzuri ya hewa. Asubuhi bonde lote lilikuwa jeupe. Uwanjani kulikuwa na matofali kama mia saba ambayo bado yalikuwa na maji, yale ya siku tatu za mwisho, yamefunikwa na unga mweupe, mazuri kuyatazama. Jua lilipopanda unga ukayeyuka na matofali yakabaki mazima. Nikashusha pumzi. Kufikia mchana yalianza kumenyuka, ngozi ya juu ikajivua kama ganda la mkate, na ukilinyanyua tofali kona inabaki chini. Maji yaliyomo ndani ya udongo yalikuwa yameganda, na maji yakiganda hutanuka, yanausukuma udongo kutoka ndani. Kwa jicho huoni kitu mpaka yayeyuke.

Nililia, siwezi kuficha. Mume wangu alikaa juu ya kibao akiwa kimya. Baba mkwe hakutupa pole hata kidogo. Aliuliza swali tu: "Jana usiku baridi ilikuwa kali zaidi wapi, kule juu nyumbani au huku?"

Tulijua jibu, maana kila jioni tukipanda kurudi kuna mahali kwenye njia, penye mti wa mparachichi, ambapo unapita tu na hewa inabadilika, kana kwamba umeingia chumba kingine. Mzee akatueleza kuwa baridi hutembea kama maji. Usiku usio na upepo inateremka kilimani polepole, inakusanyika bondeni, inalala humo. Hatukujua kuwa tumeanika matofali ndani ya dimbwi. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia mapema. Akasema alituambia. Mume akasema ndiyo, alituambia, mwaka 2014, tulipokuwa tunaongelea viazi.

Basi tukahamisha uwanja hadi upande wa juu wa ule mparachichi. Udongo na maji vilibaki chini, kwa hiyo tope ilibidi lipande kwa toroli na kwa karai, kiasi cha mita sitini za mlima, kila asubuhi, kwa wiki tano. Tukaweka sheria: hakuna kufyatua baada ya saa sita mchana, kwa sababu tofali la alasiri halipati jua la kutosha kabla ya usiku kulikuta. Jioni watoto wanafunika yote kwa nyasi kavu, asubuhi wanafunua. Mvulana alizichukia nyasi zile mpaka leo. Ukimwambia akusaidie kubeba majani ya ng'ombe anakutazama kama umemtukana. Shule zilipofunguliwa Julai tulibaki wakubwa watatu na kasi ikashuka, lakini mwisho wa mwezi tulikuwa na matofali elfu kumi na nne.

Sasa nije kwenye tanuri, ambalo peke yake lingetosha makala nzima.

Tanuri hupangwa na matofali yenyewe. Baba mkwe ndiye aliyelipanga, hakuruhusu mkono mwingine, sisi tulikuwa tunampa tu. Chini aliacha milango mitatu inayopita upande hadi upande, juu akapanga matofali kwa kuacha nafasi za upana wa kidole ili moto upite. Likafika juu ya kichwa cha mume wangu. Kisha likakandikwa tope pande zote, juu likaachwa lipumue. Kuni zilikuwa miwati. Miti hii ililetwa nyanda hizi enzi za mkoloni kwa ajili ya magome yake, yanayotoa dawa ya kulainishia ngozi, na magome yakishachunwa kinachobaki ni kuni ambazo sijaona mfano wake. Moto wa mwati hauna maneno mengi, unachoma tu.

Tuliwasha Ijumaa jioni, Agosti. Unaanza na moto mdogo, kwa sababu ndani ya matofali yaliyokauka bado kuna maji, na ukiyafukuza kwa haraka tofali linapasuka. Usiku wa kwanza lilitoa moshi mweupe mzito, huo ni mvuke. Jumamosi moshi ukawa mwembamba, mzee akanusa, akasema sasa. Tukasukuma magogo mpaka milango ikanguruma.

Nilichokuwa sikukitarajia ni watu. Usiku wa Jumamosi wakaanza kuja, mmoja mmoja, wanasema "kamwene" na kukaa. Hawakuja kusaidia wala kutazama. Walikuja kuota moto. Ukifikiria, ni jambo la maana kabisa: mwezi wa nane, kijiji kizima kinatetemeka ndani ya mablanketi, na pale juu ya mparachichi kuna ukuta wa joto wenye urefu wa mita tano. Mabibi walikuja na vigoda vyao wakakaa wakiupa moto migongo, siyo nyuso. Vijana wakaja na gitaa moja na galoni ya komoni, pombe ya kienyeji. Mama mmoja jirani, ambaye hatukuwa tumesemeshana naye tangu mbuzi wake wale mboga zangu, alileta ndoo ya viazi akavifukia kwenye majivu mlangoni, na vilipoiva alinipa cha kwanza bila kusema kitu. Nikakipokea bila kusema kitu. Mambo ya mbuzi yakaishia hapo.

Watoto wangu walilala pale siku tatu. Binti anasema ndio usiku pekee wa kipupwe aliowahi kulala bila soksi.

Zamu ya alfajiri ya Jumatatu ilikuwa yangu na baba mkwe. Tope la nje lilikuwa limepasuka mahali, na kwenye ufa ule unaona ndani: matofali yamekuwa mekundu yanayong'aa, huoni tena mwisho wa tofali hili na mwanzo wa lile, ni kama kutazama ndani ya tunda. Mzee akachota tope kwa kiganja akaziba. Akaniambia nyumba anayokaa yeye aliichomea matofali mkewe akiwa na mimba, ile iliyomleta mume wangu, na kwamba mama mkwe alijifungua siku mbili baada ya tanuri kufungwa. "Alikuwa anakataa kuondoka hapa. Kulikuwa na joto." Kisha akaziba milango yote mitatu kwa matofali na tope, tukaliacha lipoe lenyewe. Wiki nzima. Ukilifungua mapema hewa baridi inaingia na matofali yanapasuka, yaani kipupwe kingetupiga kofi mara ya pili.

Tulipolibomoa, yale ya pembeni yalikuwa hayajaiva, rangi ya chai ya maziwa. Ya karibu na moto yalikuwa meusi na mengine yameyeyuka yakashikana. Yaliyobaki katikati ndiyo nyumba. Mzee aliyapima kwa kugonganisha mawili mawili: zima linalia kama kengele, bovu linasema "pu". Mvulana alifanya kazi hiyo siku mbili bila kuambiwa.

Septemba na Oktoba tulichimba msingi tukaujenga kwa mawe. Fundi alifunga kamba, akapima kona kwa tatu-nne-tano, na mimi niliyefundisha kanuni ile ubaoni kwa miaka nikaiona kwa mara ya kwanza ikishika ardhi. Mvua ya kwanza ikatukuta tumeshamaliza kumwaga zege la juu ya msingi. Matofali tukayapanga vizuri, tukayafunika, tukarudi kwenye vyumba vyetu viwili, na miezi sita hakuna kilichofanyika ila kwenda kila Jumamosi kutazama msingi ukiota magugu.

Kipupwe cha pili kilikuwa cha kuta.

Kuta tulizijengea udongo, saruji tukaiweka akiba kwa kona na lenta, yaani ule mkanda wa zege unaozunguka nyumba juu ya milango na madirisha, na wengi huku hufanya hivyo. Shida ni kwamba udongo wa kujengea kwenye baridi haukauki. Fundi wetu, mzee wa Makete mwenye maneno machache, alikataa kabisa kupandisha zaidi ya kozi tano, yaani mistari mitano ya matofali, kwa siku. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku mbili shuleni ili tusukume kazi, na saa saba mchana yeye ameshaosha mwiko wake. Nikamwomba angalau kozi mbili za nyongeza. Akaniwekea timazi ukutani, akaniambia niangalie uzi. Kisha akabonyeza ukuta kwa bega, taratibu, na uzi ukasogea. Sikumwomba tena.

Lenta tuliimwaga wiki ya kwanza ya Julai 2022, na hapa ndipo tulipogombana kifamilia. Mbao za boksi, zile za kushikilia zege mpaka likomae, tuliazima kwa jirani ambaye naye alikuwa anazihitaji kwa lenta yake. Kaka yangu, anayejenga huko Dar es Salaam, akatuambia kwa simu kuwa siku ya saba unafungua, yeye hufungua hata ya tano. Mume wangu akataka saba. Fundi akauliza, bila kugeuka, "Huyo anajenga Njombe?"

Nimekulia mji wenye kiwanda cha saruji, pale Pongwe, malori yake yamenivumbisha utoto wote, na bado nilikuwa naamini saruji inakauka. Haikauki. Inaungana na maji na kugeuka jiwe, na muungano huo unategemea joto. Joto likishuka karibu na nyuzi 5 kazi hiyo inakuwa ya kusinzia, na maji yakiganda kabla zege halijashika, nguvu yake imekwenda na hairudi. Zege la siku saba la Dar na zege la siku saba la Njombe Julai ni ndugu wa umri mmoja, mmoja kalishwa, mwingine hakulishwa.

Mama mkwe ndiye aliyeleta wazo la maji ya moto. Akasema kama mikono yetu inahitaji maji ya moto ili ifanye kazi, na saruji nayo ipewe. Fundi alicheka, akaliita zege la chai, lakini siku ya kumwaga mapipa mawili yalikuwa motoni tangu saa kumi na moja alfajiri na yeye ndiye aliyekuwa anaingiza kidole kupima yasizidi. Tulichanganya kwa koleo, tukapandisha kwa ndoo, mkono kwa mkono, binti yangu akiwa kwenye ngazi katikati. Saa nane tulikuwa tumefunga mzunguko. Jioni tukaifunika lenta nzima kwa mifuko ya saruji mitupu, juu yake nyasi, juu yake mablanketi mawili ya zamani. Kutoka barabarani nyumba ilionekana kama mgonjwa.

Mchana tunafunua na kumwagilia, usiku tunafunika. Tulifungua mbao siku ya kumi na sita. Jirani mwenye mbao hakuniamkia kwa wiki moja, na mimi nilimwelewa.

Paa ilikuwa zamu ya mume wangu. Kenchi alizisuka mwenyewe kwa mbao za paini alizonunua mwaka mzima kabla, mbichi, akazipanga kibandani zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite, kwa sababu paini ukiipigilia mbichi inajipinda ikikauka na kuondoka na misumari yako. Akazipaka dawa. Kazi safi, hapo simtanii. Mabati ndiyo yaliyotutesa, na siyo ya kulaumu baridi peke yake: tulilipia geji 28, na nina wasiwasi mkubwa kuwa tulipewa 30, ambayo ni nyembamba zaidi, lakini risiti haikuandikwa geji na duka halikukumbuka chochote.

Asubuhi bati lina sakitu. Linateleza, na ukilishika kwa mkono mtupu ngozi inataka kubaki. Unangoja hadi saa nne jua liiyeyushe na bati likauke. Kuanzia saa saba upepo wa kusi unaamka. Siyo upepo wa Makambako, ule wa kumpokonya mtu kofia na heshima, lakini unatosha kuingia chini ya bati la mita tatu likiwa mikononi mwa mtu aliye juu ya papi, zile mbao za kupigilia bati. Kwa hiyo siku yetu ya kazi ilikuwa na saa tatu. Saa tatu! Watu wakipita wanatuona saa mbili asubuhi tumekaa tu juani na chai ya rangi na viazi vya kuchemsha, wanadhani tumeishiwa pesa, na mara nyingine walikuwa sahihi. Ilichukua siku kumi na moja kuezeka nyumba ya vyumba vitatu na sebule.

Tukafika Agosti. Nchi nzima ilikuwa inaongea sensa. Redio inaimba sensa, mkuu wa shule anahimiza sensa, na sote tulijua kwa moyo kuwa watakaohesabiwa ni waliolala mahali usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23. Nyumba yetu haikuwa na milango. Madirisha yalikuwa mashimo. Sakafu ilikuwa udongo ulioshindiliwa, isipokuwa chumba kimoja tulichokwishamwaga zege.

Mume wangu hakusema kitu hadi Jumatatu ile alasiri. Alirudi na mkokoteni, akapakia magodoro.

"Mimi," akasema, "sihesabiwi kwa mwenye nyumba."

Niliongea sana. Nilitaja vifua vya watoto, nilitaja nyoka, nilitaja mama yangu Tanga angesema nini. Wakati naongea nilikuwa nakunja mablanketi, hivyo nadhani alijua. Mlangoni tuliegemeza bati lililobaki, tukalizuia kwa matofali. Madirisha tuliyaziba kwa viroba vilivyojazwa nyasi zile zile. Mama mkwe alikuja kukagua, akatukataza kuingiza jiko la mkaa ndani, akalibeba mwenyewe akaondoka nalo ili tusije tukashawishika usiku wa manane. Kila kipupwe kuna watu hulala na jiko wasiamke. Baba mkwe alikaa nasi hadi saa tatu usiku, kisha akasema yeye anahesabiwa kwake, akachukua tochi.

Tulilala watano kwenye chumba kimoja, magodoro yameunganishwa, sweta, soksi, maboshori, binti ukutani upande mmoja na baba yao upande wa pili, mdogo katikati kama kaa la moto. Hakukuwa na dari. Juu yetu kulikuwa na kenchi, papi, na bati tupu, na juu ya bati ule usiku safi wenye nyota nyingi ambao siku hizi ninauogopa. Nilisikia kila bati likijikunja kwa baridi, ti, ti, mpaka usingizi ukanichukua.

Niliamshwa na tone kwenye paji la uso. Halafu jingine sikioni. Nikakurupuka nikimwamsha mume, nikamwambia paa lake linavuja. Akaniambia, macho yakiwa yamefumba, kuwa hakujanyesha tangu Mei. Tukakaa, tukawasha tochi ya simu. Upande wa ndani wa bati wote ulikuwa umejaa matone, yamejipanga kwenye migongo ya bati kama shanga, yanang'aa. Tulikuwa tumepumua usiku kucha, pumzi imepanda, imekuta bati la baridi, imegeuka maji. Jua lilipoanza kulipiga bati saa moja, chumba kizima kikaanza kunyesha. Watoto walifurahi mno. Walileta sufuria.

Karani alifika saa mbili na nusu, kijana mrefu wa kitongoji cha pili, akiwa na kizibao chake na kishikwambi. Nilimfundisha darasa la tatu. Alisogeza bati la mlangoni, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akauliza habari za kuta, nikasema tofali za kuchoma, nikatamani aulize zaidi. Akauliza sakafu. Akauliza paa, akainua uso kulitazama, na tone likaanguka katikati ya kishikwambi.

"Mwalimu, bati jipya hivi linavuja?"

Mvulana wangu alinitangulia. "Halivuji. Hiyo ni pumzi yetu."

Karani alifuta kioo kwa mkono wa sweta, akatazama tena juu, akasogeza ndoo yake hatua moja nyuma.

"Sawa," akasema. "Waliolala humu ni wangapi?"